Kidude cha kubana mafuta na hesabu ya tajiri

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta. Mwanza, ambako kila lita imesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari ya Dar es Salaam kabla ya kufika kwenye pampu, bei hiyo huwa juu kuliko ya pwani. Mwezi ikipanda, makundi ya WhatsApp ya madereva wa Nyegezi, Buzuruga na Igoma hujaa tangazo lile lile: kidude kidogo kama kiberiti, chenye vitaa vinavyomemeteka, unakichomeka kwenye ile soketi ya chini ya dashibodi ambako fundi huchomeka mashine ya kupimia gari, na baada ya siku chache gari linapunguza ulaji wa mafuta kwa robo nzima na moshi unakuwa safi. Kikikosekana hicho, ipo sumaku ya kufunga kwenye mpira wa mafuta, ipo feni ndogo ya kuweka kwenye njia ya hewa, yapo matone ya kumimina kwenye tanki, na ipo chupa ya maji inayodaiwa kutoa hidrojeni ya kuisaidia injini.

Wanaobishana juu ya vitu hivi wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja linamwona dereva anayenunua kuwa hana elimu na linataka afundishwe. Jingine linasema hii ni teknolojia, na anayeipinga hajaijaribu. Kwa maoni yangu wote wanakitazama kidude, wakati jibu liko kwenye makubaliano kati ya dereva na mwenye gari. Vifaa hivi havifanyi kazi inayodaiwa, na nitaeleza kwa nini. Lakini havinunuliwi kwa sababu dereva wa Mwanza haielewi injini. Vinanunuliwa kwa sababu anayelipa mafuta siye anayelipa matengenezo, na katika pengo hilo kidude ndicho kitu pekee ambacho dereva anaweza kukinunua kwa fedha yake bila kumwomba mtu ruhusa.

Tuanze na injini. Karibu vifaa vyote huuzwa kwa maelezo kwamba mafuta hayaungui yote, na kwamba kifaa kitayafanya yaungue sawasawa. Kwenye injini nzima ya gari la leo, mafuta yanayotoka bila kuungua ni kidogo mno, kama asilimia moja au mbili. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi hupima kilichobaki, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, hupokea taarifa na kurekebisha mara nyingi kwa dakika, ili uzito wa hewa ubaki karibu mara 14.7 ya uzito wa petroli. Ni kweli kwamba injini ya petroli inapoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta. Theluthi moja, mara nyingi pungufu, ndiyo inayofanya kazi. Nyingine inaondoka kama joto kupitia rejeta na moshi. Hapa ndipo muuzaji anapowachanganya watu. Anataja upotevu huo mkubwa, ambao ni wa kweli, halafu anaueleza kana kwamba ni mafuta mabichi yanayomwagika. Siyo. Joto hilo limetoka kwenye mafuta ambayo yameshaungua, na kilichokwisha kuungua hakiunguzwi mara ya pili. Kifaa cha kuboresha uunguzaji, hata kingefanya kazi yake kikamilifu, kina asilimia moja au mbili tu za kuokoa. Robo nzima ingetoka wapi?

Kila kifaa kina kasoro yake juu ya hiyo. Petroli haivutwi na sumaku kwa kiwango chenye maana yoyote. Chupa ya hidrojeni hupata umeme kutoka kwa altaneta, altaneta inazungushwa na injini, na injini inakula petroli, hivyo kila hatua inapoteza kitu na hidrojeni inayorudi ina nguvu ndogo kuliko petroli iliyotumika kuitengeneza. Wahandisi walioufungua mfano mmoja maarufu wa kile kidude cha kuchomeka walikuta saketi ya kuwasha vitaa, na hakuna ujumbe wowote uliokuwa ukipelekwa kwa kontrol boksi ya gari. Wakala wa serikali ya Marekani wa kulinda mazingira, EPA, umekuwa ukipima vifaa vya aina hii tangu miaka ya 1970. Vimepita zaidi ya mia moja. Vichache sana vilionyesha nafuu, nayo ilikuwa ndogo, na vingine viliuharibu moshi kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Dai la kupunguza hewa chafu linahitaji maneno machache tu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3 za kabonidioksidi, na ya dizeli kilo 2.7 hivi. Kaboni iliyomo kwenye mafuta haina mlango mwingine zaidi ya bomba la moshi. Kwa hiyo anayesema kifaa chake kinapunguza kabonidioksidi amerudia tu lile dai la lita kwa jina lingine, na la lita likianguka, hili haliwezi kusimama lenyewe. Moshi mweusi wa dizeli, ambao abiria wa Mwanza anaufahamu kila gari linapopanda mlima wa Bugando, ni habari nyingine: unatoka kwenye nozeli zilizochoka, chujio la hewa lililoziba au pampu iliyofunguliwa kupita kiasi. Fundi yeyote wa dizeli atakuambia hivyo kabla hujazima gari.

Sasa twende stendi. Dereva wa daladala anachukua gari alfajiri na usiku anapeleka hesabu, ile fedha ya siku waliyokubaliana, kwa tajiri mwenye gari. Hesabu haibadiliki, iwe mvua iwe jua. Mafuta ni juu yake, na kinachobaki ndicho anachogawana na konda. Matairi, plagi, nozeli, oili na sensa ni juu ya tajiri. Fuata fedha inavyokwenda. Kila shilingi ya mafuta inayookolewa inaingia mfukoni mwa dereva, na kila shilingi ya matengenezo inatoka mfukoni mwa tajiri. Plagi zikichakaa, tajiri hapungukiwi na kitu, kwa kuwa hesabu inakuja ile ile. Kwake gari limeharibika siku litakapogoma kuwaka. Dereva naye anasikia injini inavyokohoa na anajua dawa yake, lakini kununua plagi mpya kwa gari la mtu, gari ambalo kesho anaweza kunyang'anywa na ambalo siku nyingine linaendeshwa na deiwaka wa kushika zamu, ni kumjengea jirani ukuta. Anabakiwa na nini? Kidude cha elfu thelathini. Anakinunua mwenyewe, anakichomeka mwenyewe, na akitolewa kwenye gari anakichomoa na kuondoka nacho. Hii ndiyo sifa moja ya kidude ambayo muuzaji haitaji na ambayo plagi haina.

Tuupime ukubwa wa pengo hilo kwa mfano. Tuseme daladala inatumia mafuta ya shilingi 90,000 kwa siku. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba gari lililochoka waziwazi, likifanyiwa matengenezo ya kawaida, hupunguza ulaji wa mafuta kwa asilimia 4 hivi, na kwamba kasoro kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa, ikirekebishwa, inaweza kurudisha hadi asilimia 40. Tuchukue hiyo 4 tu. Ni shilingi 3,600 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 93,600. Fedha hiyo ingelipa seti ya plagi na kazi ya fundi mapema sana. Lakini gharama ingekuwa ya tajiri na faida ya dereva, basi haifanyiki. Na si kwamba mmoja wao ni mbaya. Kila mmoja anafanya linalomfaa kwa makubaliano yalivyo.

Ukitaka kuona kwamba tatizo si elimu, tazama bodaboda. Kijana anayeendesha kwa hesabu na kijana anayeendesha kwa mkataba wanaweza kuwa wametoka kijiji kimoja na darasa moja. Wa mkataba, ambaye pikipiki itakuwa yake akimaliza deni, anapima upepo, anabadilisha oili kabla haijawa lami, na mnyororo ukilia anausikiliza. Wa hesabu anangoja kuambiwa. Mafundi wa pikipiki wanaitambua tofauti hiyo kwa kuangalia tu chombo kinavyoingia gereji.

Hata hivyo, wapo watu wengi, waaminifu kabisa, wanaoshuhudia kwamba kidude kimewasaidia. Siwaiti waongo. Shida ni kwamba namna tunavyonunua mafuta inatunyima kipimo. Sheli tunasema «weka ya elfu ishirini», hatusemi lita ngapi, na mwezi ujao elfu ishirini ile ile ina lita nyingine. Tanki halijazwi, kwa sababu dereva hataki kumwachia deiwaka mafuta aliyoyalipia yeye. Mshale wa mafuta kwenye dashibodi unacheza gari likiinama, na Mwanza ni mji wa miamba na vilima. Juu ya hayo, mtu aliyetoka kununua kifaa huendesha kwa utulivu wiki nzima akitazama mshale, na mguu mwepesi unaokoa mafuta kweli, hasa kwa anayeacha kupita kilomita 80 kwa saa na kuacha injini ikinguruma bure stendi akingoja abiria, ambako lita moja hivi hupotea kila saa. Kidude kinapewa sifa ya mguu.

Mwaka jana nilipima gari langu kwa kujaza tanki hadi juu, sheli moja na pampu moja, kwenda Bunda na kurudi, mara mbili ndani ya wiki moja. Safari ya kwanza tulikuwa watu wanne na mizigo juu ya keria, nikapata kilomita 11.8 kwa lita. Ya pili nilikuwa peke yangu, nikapata 13.4. Ni nafuu ya zaidi ya asilimia 13, na sikuwa nimefunga kifaa chochote. Ningekuwa nimekichomeka kabla ya safari ya pili, leo ningekuwa shahidi wake, tena ninayeapa.

Hoja yenye nguvu zaidi ya watetezi inastahili kusikilizwa. Wanasema vipimo vya Marekani vilifanywa kwa magari yenye afya, wakati yetu ni mitumba iliyotembea Japani kabla ya kuja hapa, na injini iliyochoka ina nafasi kubwa ya kunufaika. Sehemu ya hoja hiyo ni sahihi. Injini iliyochoka ina upotevu zaidi, na dawa nzuri ya kusafisha nozeli inaweza kweli kurudisha kitu pale nozeli zilipoziba uchafu. Ila neno lenyewe ni kurudisha. Kinachopatikana ni ule ulaji wa mafuta ambao gari lilitoka nao kiwandani, na plagi, chujio na upepo wa tairi vinaufikia kwa njia iliyo wazi. Tena sumaku haisafishi nozeli, wala vitaa havibadilishi plagi. Uchakavu wa magari yetu ni sababu ya kuyatengeneza, na hapo tumerudi kwenye swali la nani alipe.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosambaa kwa kasi, ni kwamba kampuni za magari zinajua siri hii na zinaificha ili kuwafurahisha wauza mafuta. Umoja wa Ulaya uliziwekea kampuni hizo wastani wa gramu 95 za kabonidioksidi kwa kilomita kwa magari mapya kuanzia 2020 na 2021, na kila gramu inayozidi hutozwa euro 95, ikizidishwa kwa kila gari jipya lililosajiliwa. Kwa kampuni inayouza magari milioni moja, gramu moja tu ya ziada ni euro milioni 95. Kampuni hizo zimewekeza kwenye mifumo ya mseto, zimepunguza uzito wa mabati na zimebadilisha umbo la vioo vya pembeni zikitafuta gramu moja mbili. Kama kidude cha elfu thelathini kingeondoa hata asilimia 5, kingefungwa kiwandani kwenye kila gari kabla ya mwezi kwisha. Na anayesema kampuni hizo nazo hudanganya yuko sahihi: mwaka 2015 ilibainika kwamba Volkswagen iliweka kwenye magari ya dizeli takribani milioni 11 programu ya kuhadaa vipimo vya moshi. Lakini udanganyifu ule ulianza kufichuka pale watafiti wa West Virginia University walipofunga vipimo kwenye magari na kuyaendesha barabarani. Kama kampuni kubwa kiasi hicho haikuaminiwa kwa neno lake, muuzaji wa kwenye simu ataaminiwaje?

Wako pia wanaosema basi tuwaache watu, kidude hakina madhara. Kwa vile vya vitaa, hasara kubwa ni fedha, na plagi inayozidi kusubiri. Vingine vina madhara zaidi. Kinachoidanganya sensa ili injini ipewe petroli pungufu kinapandisha joto, na valvu na pistoni ndizo zinazolipa. Kibaya kuliko vyote hata hakiuzwi, bali kinaondolewa: masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi. Gereji nyingi zitakushawishi kwamba kuyakata masega kwenye ekzosi kutalifanya gari lipumue na libane mafuta. Masega mazima hayazuii pumzi ya injini kwa kiasi hicho. Kazi yake ni kugeuza monoksidi ya kaboni, masalia ya petroli na oksidi za naitrojeni kuwa hewa isiyo na sumu kali, na ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ambayo bei yake ndiyo sababu ya ushauri ule. Mteja anaondoka akiamini amehudumiwa, fundi anauza masega, na moshi unabaki Mabatini na Igogo, ambako nyumba zimebanana na barabara.

Sipingi vifaa vipya. Ziwa hili lina ushahidi wa kutosha kwamba watu wetu wanaujua uvumbuzi wa kweli wakiuona. Wavuvi wa dagaa walivua kwa karabai za mafuta ya taa miaka na miaka. Taa za betri na sola zilipokuja, aliyejaribu hakuhitaji ushuhuda wa mtu. Alfajiri alirudi mwaloni na dumu la mafuta ya taa likiwa limejaa kama alivyoondoka nalo. Akiba ilikuwa na mahali pake, unaweza kuigusa. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba ipo injini moja ziwani ambayo maneno ya muuzaji wa vidude yangekuwa ya kweli kwake: ile ya boti ya mipigo miwili, ya kuchanganya petroli na oili. Ile kweli humwaga mafuta mabichi, hadi robo yake, kwa sababu mchanganyiko mpya hutoroka na moshi kabla mlango haujafungwa. Nayo haiponyeshwi kwa sumaku. Dawa yake ni injini ya mipigo minne, ambayo ni ghali, na hapo tena suala ni mtaji na mgawanyo kati ya mwenye mtumbwi na mabaharia wake. Hata daraja la Kigongo hadi Busisi, la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limepunguza moshi kwa njia ambayo kila dereva wa lori la Geita anaweza kuionyesha kwa kidole: saa zile za kusubiri kivuko hazipo tena.

Ndiyo maana sidhani kwamba kupiga marufuku kutatosha, ingawa hatua zichukuliwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na FCC, Tume ya Ushindani, ina haki ya kumdai kipimo anayeandika asilimia 30 kwenye tangazo lake. Adaiwe. Lakini kidude kikiondoka huku hesabu ikibaki ilivyo, mwezi ambao bei itapanda kitakuja kingine, kwa kuwa dereva bado atakuwa na gharama kubwa asiyoweza kuigusa kwa njia halali. Kinachotakiwa ni tajiri na dereva kukaa upande mmoja wa mafuta. Njia rahisi ni tajiri kulipia matengenezo kwa ratiba na kuongeza hesabu kwa sehemu tu ya akiba. Katika mfano wangu, kati ya zile 3,600 akichukua 1,500 kwa siku anapata 39,000 kwa mwezi, na dereva anabaki na 54,600 ambazo jana hakuwa nazo. Vyama vya wamiliki na vya madereva vinaweza kuliandika hilo kwenye mikataba yao bila kusubiri kanuni mpya ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.

Nimewaeleza wazo hili matajiri wawili wa njia ya Kisesa, na wote walinijibu neno moja: dereva atadanganya lita. Hofu hiyo ina sababu, maana fedha zikishaingia, kila mtu hutaka kuona kwa macho yake. Lakini kipimo kipo tayari na hakihitaji kununuliwa. Kila mafuta yanapowekwa, pampu inatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye tarehe, saa, kiasi cha fedha na lita. Ukiongeza na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, wiki mbili zinatosha kujua gari linakula kiasi gani na lilianza lini kula zaidi. Asubuhi pita sheli yoyote ya barabara ya Nyerere uangalie chini, karibu na pampu. Zimelala hapo, zimekanyagwa na matairi.